Mipira 50 ya Aasif Karim

Yawezekana utashangaa kumwona mtu wa Nkwenda, nchi ya migomba na mibuni, akiandika juu ya kriketi. Hapa kwetu sijapata kuona wiketi zikisimikwa. Vijana wetu ni wa kandanda, na hata hiyo kandanda yenyewe huchezwa kwenye mteremko kiasi kwamba timu inayoanza upande wa juu huhesabiwa kuwa na bao moja mfukoni. Kriketi niliiona Bukoba nilipokuwa kijana ninasoma huko, ikichezwa na Wahindi siku za Jumapili, na kanuni zake nilielezwa na mwenye duka la vitambaa ambaye alipenda kuzungumza kuliko kuuza. Alinifundisha kwa chungwa na kipande cha ubao juu ya meza yake ya kupimia kanga. Elimu ile sikuitumia popote kwa muda wa miaka zaidi ya 30.

Nimekuwa mwalimu wa historia maisha yangu yote ya kazi, na mwaka 2003 nilitimiza miaka 55, umri ambao mtumishi wa serikali anaruhusiwa kustaafu kwa hiari yake. Wenzangu wawili walikwisha kuandika barua zao. Mimi nilisita, kwa sababu niliona jambo ambalo sikujua namna ya kulieleza mbele ya watu, yaani kwamba nilikuwa ninafundisha vizuri kuliko nilivyofundisha nikiwa na miaka 30. Sauti ilikuwa imepungua na magoti yalilalamika, lakini nilijua ni wapi mtoto atapotea kabla hajapotea. Nilijiuliza iwapo hayo ni majivuno ya mtu anayezeeka au ni kweli. Ndipo redio ikaniletea habari za Aasif Karim.

Mwezi Machi wa mwaka ule redio zote zilikuwa na neno moja, Iraki. Kila jioni tulikaa kusikiliza kama vita vitaanza au havitaanza, na vilianza tarehe 20. Siku chache kabla ya hapo, katikati ya habari za makombora na Umoja wa Mataifa, kikapita kipande kifupi cha michezo: Mkenya mwenye umri wa miaka 39, aliyekuwa amekwisha kuacha kriketi, amewatoa Waaustralia watatu mjini Durban kwa kuwapa mikimbio saba tu. Walionizunguka hawakugeuza hata shingo. Mimi nilikumbuka chungwa la Bukoba, nikaomba kimya, lakini habari ilikuwa imekwisha kupita.

Kwa msomaji ambaye hakupata mwalimu kama wangu, maelezo machache yanatosha. Mrushaji husimama upande mmoja, mpigaji upande wa pili, na kati yao pana kadiri ya mita 20. Nyuma ya mpigaji kuna vijiti vitatu, navyo ndivyo wiketi. Mrushaji hutaka kuviangusha, au amfanye mpigaji aupige mpira juu udakwe, au amnase mguu wake ukiwa mbele ya vijiti. Mpigaji, kwa gongo lake (si lile la kunywa), hutaka kuupeleka mpira mbali apate mikimbio. Kila mipira sita huitwa ova, na katika mechi ya siku moja kila timu hupata ova 50, wala mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 10.

Warushaji wako wa namna mbili kubwa. Wapo wa kasi, kama Brett Lee wa Australia, ambaye mpira wake ulipita kilomita 150 kwa saa. Huyo hutoka mbio kutoka mbali, na mwili wake wote ni manati. Na wapo wa taratibu, ambao huuzungusha mpira kwa vidole au kwa kiwiko cha mkono ili ukigusa ardhi ugeuke njia. Mpira wa hawa huja polepole, hata mtoto angeweza kuuona ukija. Taabu ni kwamba mpigaji akishauona vizuri hudhani ameujua. Aasif Karim alikuwa wa kundi hili la pili, tena wa mkono wa kushoto.

Sasa tuiangalie siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 15 Machi 2003, katika uwanja wa Kingsmead, Durban, kwenye Kombe la Dunia. Kenya ilianza kupiga. Katika ova zake za mwanzo Brett Lee aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo, jambo ambalo warushaji wengi humaliza maisha yao bila kulipata. Nahodha Steve Tikolo akasimama imara akapata mikimbio 51, na ova 50 zilipokwisha Kenya ilikuwa na mikimbio 174 kwa wiketi nane. Ni kidogo mno. Waaustralia walipoingia, Adam Gilchrist alipiga mikimbio 67 kwa mipira 43, na ilionekana watu watakwenda kula chakula cha usiku mapema.

Karim akapewa mpira. Alirusha ova nane na mipira miwili ya ova ya tisa, yaani mipira halali 50. Katika ova hizo, sita hazikuzaa mkimbio hata mmoja. Jumla ya mikimbio waliyoipata kwake ni saba. Mrushaji ambaye katika ova nane angetoa mikimbio 32 angepongezwa na nahodha wake. Huyu alitoa saba, dhidi ya timu ambayo haikufungwa na mtu yeyote katika mashindano yale yote, ikashinda mechi zake 11 kuanzia ya kwanza hadi fainali. Aliowatoa walikuwa Darren Lehmann, Brad Hogg na, wa kwanza wao, nahodha Ricky Ponting, ambaye mguu wake ulinaswa mbele ya vijiti akiwa na mikimbio 18. Siku nane baadaye Ponting huyo huyo alisimama Johannesburg katika fainali dhidi ya India akapiga mikimbio 140 bila kutolewa na mtu.

Kenya ilishindwa. Nalisema wazi ili asije mtu akadhani ninasimulia muujiza. Australia ilifika ilikokuwa ikienda katika ova ya 32, ikiwa imepoteza wiketi tano. Lakini waliopewa kazi ya kumchagua mchezaji bora wa siku ile hawakumchagua Gilchrist wala Lee. Walimchagua Karim.

Alizaliwa Mombasa tarehe 15 Desemba 1963, siku tatu tu baada ya Kenya kupata uhuru wake. Mimi mwalimu wa historia napenda sana jambo hili, ijapokuwa halithibitishi chochote: ni mtu mwenye umri sawasawa na nchi yake. Ukoo wake ulikuwa wa wanamichezo, baba yake Yusuf Karim alicheza kabla yake, na mwanawe Irfan alikuja kuichezea Kenya baada yake. Aasif mwenyewe aliichezea Kenya michezo miwili, kriketi na tenisi, hata akaingia katika mashindano ya Kombe la Davis. Na pamoja na hayo yote, mkate wake haukutoka katika mchezo. Alikuwa mtu wa biashara ya bima.

Alianza kuichezea Kenya katika miaka ya 1980, wakati ambapo Kenya haikuwa na kiti katika meza ya wakubwa. Mechi za kimataifa za siku moja ambazo huhesabiwa rasmi Kenya ilizianza mwaka 1996, katika Kombe la Dunia lililochezwa India, Pakistan na Sri Lanka. Kwa hiyo Karim alipocheza mechi yake ya kwanza ya kuhesabiwa alikuwa na miaka 32, umri ambao mrushaji wa kasi huanza kumtazama mganga wa migongo kama rafiki wa karibu. Tarehe 29 Februari mwaka ule alikuwamo uwanjani Pune siku Kenya, kwa mikimbio 166 tu, ilipowashinda West Indies wakatoka wote kwa mikimbio 93. Baadaye akawa nahodha, na chini yake, tarehe 28 Mei 1998 mjini Gwalior, Kenya iliifunga India nyumbani kwao kwa tofauti ya mikimbio 69. Kombe la Dunia la 1999 huko Uingereza lilikuwa chungu. Kenya ilipoteza mechi zote tano. Nahodha akaaga, akiwa na miaka 35, akarudi kwenye bima zake.

Hesabu ya maisha yake yote katika mechi zile za siku moja ni mechi 34 na wiketi 27. Mtu akizisoma tarakimu hizo bila kujua zaidi atasema: huyu ni mchezaji wa kawaida. Na mimi nisingebishana naye sana, maana hadi mwaka 1999 hakuwa jina la kutajwa nje ya Afrika Mashariki.

Swali langu basi ni hili: kwa nini ua lilichanua mwaka 2003 na si 1996?

Jibu la kwanza ni la mchezo wenyewe. Kurusha kwa kasi ni kazi ya misuli, na misuli ina tarehe yake. Kuzungusha mpira ni kazi ya vidole na ya kumsoma mtu. Vidole havichoki upesi, na kusoma watu ni elimu isiyofundishika kwa kuambiwa. Historia ya kriketi ina ushahidi mwingi wa hili. Clarrie Grimmett, mzaliwa wa New Zealand, aliitwa kuichezea Australia mechi yake ya kwanza ya Testi mwaka 1925 akiwa na miaka 33. Katika mechi ile moja alichukua wiketi 11, na baadaye akawa mtu wa kwanza duniani kufikisha wiketi 200 za Testi. Wilfred Rhodes wa Uingereza aliitwa tena mwaka 1926 akiwa na miaka 48, akawatoa Waaustralia sita katika mechi iliyoamua ubingwa. Na Bert Ironmonger! Huyu naomba nisimame kwake kidogo. Alikuwa amepoteza sehemu ya kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto, na ndio mkono aliorushia. Alicheza Testi yake ya kwanza mwaka 1928 akiwa na miaka 46. Mwezi Februari 1932, huko Melbourne, akikaribia miaka 50, alichukua wiketi 11 za Afrika Kusini kwa mikimbio 24. Afrika Kusini ilitoka kwa mikimbio 36 mara ya kwanza na 45 mara ya pili. Nimekuwa nikiwasimulia watu wa hapa habari za Ironmonger, nao, pasipo kujua kriketi ni nini, husikiliza hadi mwisho, hasa nikifika kwenye kidole.

Waswahili husema ng'ombe hazeeki maini. Lakini mithali hii hutumiwa vibaya, kana kwamba uzee wenyewe ndio unaotia utamu. Mbona wazee wengine wanarusha ovyo vile vile walivyorusha ujanani? Hapa ndipo jibu la pili linapoingia, na ndilo ninalolipigania katika ukurasa huu. Ujuzi wa namna hii huchelewa kuiva, na kitu kinachochelewa kuiva kinahitaji mahali pa kungojea. Karim alikuwa napo. Alikuwa na kazi iliyomlisha, mji uliomjua, klabu ya kufanyia mazoezi siku ambazo hakuna anayemtazama, na jamaa iliyoona kucheza mpira ukiwa na miaka 38 si wazimu. Kriketi haikumlipa, na kwa hiyo haikuweza pia kumfukuza. Alipoaga mwaka 1999 hakuanguka popote. Alipoitwa tena mwaka 2003, hakwenda kwa njaa. Yumkini ndiyo maana aliweza kuutupa mpira wake polepole mbele ya mabingwa wa dunia, ova baada ya ova, bila kujaribu jambo lolote la ajabu.

Wako wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza husema Waaustralia walikuwa wamekwisha kushinda, wakacheza kwa uzembe. Sawa, lakini mpigaji mzembe aghalabu hupiga ovyo akapata mikimbio kabla ya kutolewa. Hawa walikaa mbele ya Karim wakitafuta mkimbio mmoja wasiupate. Wa pili husema kumwita mtu wa miaka 39 ni dalili ya ghala tupu. Hili lina uzito zaidi, na sehemu yake nalikubali. Kenya ya mwaka 2003 ilikuwa na kizazi kimoja tu kilichoiva pamoja, kina Tikolo, Maurice Odumbe, Thomas Odoyo, Martin Suji, na nyuma yao palikuwa na wachache. Kocha wao, Sandeep Patil, ambaye alikuwa katika timu ya India iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1983, alijua nini kimo katika kapu lake na nini hakimo. Hata hivyo kapu lile lilifika nusu fainali. Ni kweli kwamba New Zealand walikataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama baada ya hoteli kulipuliwa Kikambala mwezi Novemba 2002, na Kenya ikapewa pointi bila jasho. Lakini Sri Lanka walikwenda wakafungwa, Bangladesh wakafungwa, Zimbabwe wakafungwa. Kenya ilikuwa mwanachama asiye na haki ya kucheza Testi, na hakuna mwingine wa namna hiyo aliyefika nusu fainali kabla yake.

Na ndani ya kapu hilo hilo kulikuwa na mrushaji mwingine wa taratibu, kijana. Siwezi kumsimulia Karim nikamwacha Collins Obuya, kwa sababu hawa wawili wakiwekwa pamoja ndipo jambo lenyewe linaonekana.

Obuya alikuwa na miaka 21. Mpira wake ulizungushwa kwa kiwiko cha mkono, na kwa mkono wa kulia, sanaa iliyo ngumu kuliko ya vidole, kwa sababu kosa dogo la kiwiko humpa mpigaji zawadi. Tarehe 24 Februari 2003, Nairobi, Kenya ilikuwa imepata mikimbio 210. Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa mwaka 1996, wakaja kupiga, na kijana huyu akawatoa watano kwa mikimbio 24. Sri Lanka wote wakatoka kwa 157. Watu waliingia uwanjani, wachezaji wakauzunguka uwanja wakiwapungia mikono. Mwaka huo huo klabu ya Warwickshire ya Uingereza ikamwajiri. Kijana wa Nairobi akawa mchezaji wa kulipwa katika nchi iliyoanzisha mchezo.

Majeraha yakamkatiza huko, na mzunguko wa mpira wake haukurudi tena kama ulivyokuwa. Nyumbani nako alirudi kukuta nyumba inaungua. Chama cha kriketi na wachezaji waligombana juu ya malipo hadi wachezaji wakagoma. Odumbe akafungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa kuhusiana na mcheza kamari. Mechi dhidi ya timu kubwa zikapungua, na kijana anayejifunza sanaa ngumu kuliko zote hakuwa na mahali pa kukosea, akajirekebisha, akakosea tena. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hata ile haki ya kuhesabiwa mechi zake za siku moja, haki iliyokuwa nayo tangu 1996.

Isidhaniwe kwamba Obuya alipotea. Alifanya kitu ambacho mimi nakistahi kuliko zile wiketi tano: aliacha kujililia, akajigeuza kuwa mpigaji. Tarehe 13 Machi 2011, huko Bengaluru, katika Kombe la Dunia, alisimama mbele ya Waaustralia akapata mikimbio 98 bila kutolewa, ova zikaisha akiwa amebakiza miwili tu kufika mia. Aliendelea kuichezea Kenya hadi mwaka 2024, akiwa na miaka 42. Lakini mrushaji ambaye angeweza kuwa akiwa na miaka 35, yule ambaye Karim alipata nafasi ya kuwa, hatukumwona. Ndiyo sababu sipendi mtu akiniambia Durban ilikuwa bahati. Kulikuwa na mbegu mbili, na moja ilipata muda.

Huenda ukasema, mwalimu, haya yote ni ya Mombasa na Nairobi, Nkwenda iko wapi? Iko karibu kuliko unavyodhani. Ukitoka hapa ukaenda Murongo, ng'ambo ya mto Kagera ni Kikagati, Uganda, na redio za Mbarara zinasema Kinyankole ambacho Mnyambo hahitaji mkalimani kukielewa. Na upande wa pili, ng'ambo ya Kagera tena, ni Rwanda, ambako huko Gahini mwaka 1938 alizaliwa John Nagenda. Alikulia Uganda, akawa mwandishi, na baadaye mshauri wa Rais Museveni. Mwaka 1975 lilipofanyika Kombe la Dunia la kwanza kabisa la kriketi, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ziliunda timu moja iliyoitwa Afrika Mashariki. Nagenda alirusha mpira katika mechi yao moja dhidi ya New Zealand mjini Birmingham, akiwa na miaka 37, akamtoa mtu mmoja. Hakuwa mrushaji wa taratibu, na timu yao ilipoteza mechi zake zote tatu. Namtaja kwa sababu kila mara ninapolitazama bonde la Kagera asubuhi, likiwa na ukungu, hunijia kwamba mtoto aliyezaliwa upande ule alifika kule kabla ya Karim kuanza kunyoa ndevu.

Alifariki mwezi Machi 2023. Mwaka uliofuata Uganda, kwa jina lake yenyewe, iliingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, lile la ova 20, huko West Indies na Marekani. Ilikuwa imeifunga Zimbabwe katika kufuzu, na katika timu hiyo kulikuwamo mtu mmoja, Frank Nsubuga, aliyekuwa ameanza kuichezea Uganda mwaka 1997. Miaka 27 alikuwa amengoja. Alikuwa na miaka 43, mkubwa kwa umri kuliko wachezaji wote wa mashindano yale, na kazi yake ilikuwa ile ile, mpira wa taratibu wa kuzungusha kwa vidole, ila kwa mkono wa kulia.

Tarehe 5 Juni 2024, katika uwanja wa Providence, Guyana, Uganda ilikutana na Papua New Guinea. Nsubuga alirusha ova nne, ambazo ndizo kikomo katika mechi za ova 20. Mbili kati ya hizo hazikutoa kitu. Akachukua wiketi mbili kwa mikimbio minne. Katika historia yote ya Kombe lile hakuna aliyekuwa amemaliza ova zake nne kwa kutoa kidogo namna hiyo. Papua New Guinea walitoka kwa mikimbio 77, na Uganda ikashinda kwa taabu, wiketi saba zikiwa zimekwenda. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia. Siku chache baadaye West Indies waliwatoa Waganda wote kwa mikimbio 39, na sioni haja ya kulificha hilo.

Habari za Nsubuga nilizipata kupitia simu ya mjukuu wangu, ambaye alinisomea huku akiuliza kila neno. Nilimchorea wiketi kwa fimbo hapo uani, nikamwonyesha kwa chungwa bichi jinsi kidole kinavyolizungusha. Alielewa upesi kuliko mimi nilivyoelewa Bukoba. Alitaka kujua kama ile rekodi ni ya milele. Ilidumu siku 12. Tarehe 17 Juni, Lockie Ferguson wa New Zealand, mrushaji wa kasi, alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea hao hao bila kutoa mkimbio hata mmoja, akachukua wiketi tatu.

"Na huyo ana miaka mingapi, babu?"

Nikamwambia 33, ametimiza juzi tu.

"Basi bado kijana," akasema, akachukua chungwa lake akaenda kulijaribu kwenye ukuta wa stoo.